Kutunza bwawa la maji baridi bila kuangamiza uhai uliomo

Mabwawa mengi madogo huharibiwa na watu wanaoyapenda. Mtu anaona majani yamezidi, anayang'oa yote kwa siku moja. Siku chache baadaye maji yanageuka kijani kibichi, na samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Ndiyo maana hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya sharti moja: usiliguse bwawa zima kwa mkupuo.

Hatua ya 1: Lipime kabla ya kulishika

Tengeneza sahani ya kipenyo cha sentimita 20, uipake robo nyeusi na robo nyeupe kwa kupokezana, kisha uifunge kwenye kamba yenye alama. Itumbukize majini taratibu na usome kina inapopotea machoni. Hii ndiyo sahani ya Secchi, inayobeba jina la Angelo Secchi, padri na mwanaastronomia wa Italia aliyefanyia majaribio sahani ya namna hii mwaka 1865. Ikipotea mapema, angalia rangi ya maji. Kijani ni mwani uliozidi, kahawia ni udongo unaoelea, na tiba zake hazifanani.

Kisha pima oksijeni mara mbili, alfajiri kabla jua halijatoka na tena alasiri. Mchana mimea na mwani hutoa oksijeni. Usiku, mimea na mwani huivuta pamoja na samaki, wadudu na bakteria, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya hatari. Miligramu 5 kwa lita ni salama kwa samaki wengi. Chini ya 2 wengi huzidiwa. Ukiona alasiri iko juu sana na alfajiri iko chini sana, mwani umetawala. Kipimo cha mchana peke yake kitakudanganya.

Malizia kwa kuchota kingoni kwa wavu na kumimina kwenye beseni jeupe. Andika unachokiona: viluwiluwi, lava (watoto) wa kereng'ende, konokono, viroboto wa maji (vijidudu vidogo vinavyorukaruka majini). Orodha hiyo itakufaa baadaye.

Hatua ya 2: Zuia virutubisho visiingie

Mbolea, samadi na udongo wa mmomonyoko huleta fosforasi na naitrojeni, chakula cha mwani. Acha ukanda mpana wa nyasi usiofyekwa kuzunguka bwawa, hasa upande ambao maji ya mvua huingilia. Fosforasi husafiri ikiwa imeshikamana na chembe za udongo, hivyo nyasi zinazokamata udongo huikamata nayo. Mifugo wasiingie, wapelekee maji kwenye birika nje ya uzio.

Kuwa na subira hapa. Fosforasi iliyokwisha kulala kwenye tope huachiwa upya pale chini panapokosa oksijeni, kwa hiyo bwawa linaweza kubaki kijani kwa miaka hata baada ya kuziba chanzo.

Hatua ya 3: Fikiri mara mbili kuhusu samaki

Bwawa lisilo na samaki si bwawa tupu. Mara nyingi ndilo lenye vyura na kereng'ende wengi zaidi, kwa sababu hakuna anayekula viluwiluwi na lava wao. Mwaka 1965 John Brooks na Stanley Dodson wa Marekani walionyesha kuwa samaki wanaokula planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) huwamaliza viroboto wakubwa wa maji, wakabaki wadogo. Wale wakubwa ndio wachujaji hodari wa mwani. Ukiongeza samaki ili "kusafisha" maji, unaweza kuwa unawaondoa wasafishaji wenyewe. Samaki wanaochimbua chini, kama kapi (carp kwa Kiingereza), hufanya zaidi: hutibua tope, hung'oa mimea, na kurudisha virutubisho majini.

Kama unafuga samaki, walishe kiasi wanachomaliza mara moja. Chakula kinachozama huoza na kula oksijeni.

Hatua ya 4: Punguza mimea kwa mafungu

Mimea yenye mizizi chini hushika tope na kuwaficha viroboto wa maji wasiliwe. Kata theluthi moja tu kwa mwaka. Ulichokata kiweke ukingoni kwa siku moja au mbili, wadudu na konokono warudi majini wenyewe, kisha kipeleke mbali. Kikiachwa hapo kitaoza, na virutubisho vitatiririka kurudi.

Gugu maji ni suala jingine. Huziba mwanga na hewa na kuongezeka upesi mno, hivyo litoe kwa mkono hadi mmea wa mwisho, ulitupe nchi kavu. Dawa ya kuua magugu siishauri: mimea hufa kwa pamoja, huoza kwa pamoja, na oksijeni huisha. Wakati wa joto hatari huzidi, maana maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba oksijeni takriban miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5 tu.

Hatua ya 5: Ondoa tope sehemu kwa sehemu

Chimba upande mmoja, uache mwingine mpaka msimu ujao. Viumbe wa upande uliobaki watahamia uliosafishwa. Kingo zifanye za mteremko mdogo, kwani maji ya kina kifupi ndiyo yenye viumbe wengi.

Kama bwawa lako hukauka kila mwaka lenyewe, usilichimbe liwe la kudumu. Wapo viumbe ambao mayai yao hungoja ndani ya tope kavu hadi mvua irudi, na ukame huohuo huwazuia samaki wasiwafikie.

Hatua ya 6: Chokaa kwa kipimo tu

Weka chokaa ya kilimo pale tu kipimo cha pH kinapoonyesha maji yana asidi. Chokaa iliyochomwa usiitie kwenye maji yenye samaki: pH hupanda ghafla, na amonia iliyomo, inayotoka kwenye uchafu wa samaki, huwa sumu kali zaidi.

Hatua ya 7: Rudia vipimo

Kabla ya kukata theluthi ya pili au kuchimba upande wa pili, rudia hatua ya 1 mahali palepale na saa zilezile. Kama oksijeni ya alfajiri imeshuka, au kiumbe aliyekuwa kwenye orodha yako haonekani tena, ahirisha kazi hadi msimu mwingine.