Helikopta ikianguka ikitua kwenu Uganda: jinsi ya kuomba ripoti ya uchunguzi

Kwanza nakili namba ya usajili iliyoandikwa kwenye bodi. Ikianza na 5X, imesajiliwa Uganda. 5Y ni ya Kenya. Piga picha kwa mbali na usiokote hata kipande cha panga linalozunguka juu yake. Mahali kila kipande kilipoangukia ndipo wachunguzi wanapojua kama ilishuka kwa kasi mno au ilipinduka baada ya kugusa ardhi.

Barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na taarifa ya polisi mnazijua, nazipita.

Palipotula muda na nauli ni kwenye swali la nani anachunguza. Helikopta iliyoezua mabati yetu ilikuwa 5Y, na ofisi tuliyoanzia ikatuambia tuulize Nairobi. Watu wa mpakani huambiwa hivyo na wakakata tamaa, jambo linaloniuma. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema nchi ilimotokea ajali ndiyo inayochunguza. Nchi ya usajili na ile iliyoitengeneza helikopta hutuma wawakilishi. Uganda inaweza kuikabidhi nchi nyingine kazi hiyo, lakini hapo dai jibu la maandishi.

Kwa hiyo ombi liende Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa afisa wa habari, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Taja tarehe, kijiji na namba ya usajili. Omba ripoti ya awali, ambayo hutakiwa ndani ya siku 30, na ile ya mwisho. Ya mwisho ikipita miezi 12 haijatoka, nchi inayochunguza inapaswa kutoa taarifa ya maendeleo kila mwaka, basi iombe hiyo. Maelezo ya mashahidi usiyatarajie, yanalindwa.

Mwenye helikopta akikwambia usubiri ripoti ndipo mzungumzie fidia, usikubali. Uchunguzi huu unatafuta chanzo ili ajali isijirudie, haumtafuti wa kulaumiwa. Dai la mabati, migomba au matibabu lipeleke kwa mwenye helikopta na kwa bima yake mapema, pamoja na picha na risiti.

Hakikisha nakala ya ombi lako inagongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umenyimwa, na nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa Hakimu Mkuu kulalamika.