Kusanifu Kumbukumbu ya Waliokufa kwa Janga

Anza kwa kukaa na wafiwa kabla ya kuchora chochote, kwa kuwa wengi waliopoteza ndugu wakati wa UVIKO-19 hawakuweza kuwauguza, kuwaaga wala kuwazika kama ilivyo desturi. Waulize wangependa kufanya nini watakapofika mahali hapo: kuandika, kugusa, kuweka maua, au kukaa kimya tu. Majibu yao ndiyo yatakayoamua umbo la kazi yako.

Kisha chagua kitu kimoja kitakachosimama badala ya marehemu mmoja, nawe usikibadilishe. Kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI ilipotandazwa mara ya kwanza katika uwanja wa National Mall mjini Washington, Oktoba 1987, kila marehemu alikuwa ameshonewa kitambaa cha futi 3 kwa 6, takriban ukubwa wa kaburi, hivyo aliyepita kati ya vipande vile 1,920 alijihisi yuko makaburini bila kuambiwa na mtu. Mwaka 2021, katika uwanja huohuo, msanii Suzanne Brennan Firstenberg alisimamisha bendera ndogo nyeupe zaidi ya 600,000, moja kwa kila aliyeuawa na UVIKO-19 nchini Marekani, na jamaa wakaandika juu yake. Idadi hiyo ingechongwa kwenye kibao cha marumaru, watu wangeisoma na kupita.

Suala la vifaa ndilo wasanii wengi hulipuuza. Ukutani London, ng'ambo ya mto Thames mkabala na Bunge, wafiwa walianza kuchora mioyo myekundu mwezi Machi 2021. Kalamu za rangi walizotumia hazikustahimili jua na mvua. Mioyo ikafifia ikawa ya waridi, majina yakaanza kupotea, na watu wa kujitolea wakalazimika kuirudishia rangi mmoja mmoja, safari hii kwa rangi ya kuta za nje. Binafsi naona kurudishia huko kumekuwa sehemu ya maombolezo yenyewe, lakini wewe usilitegemee jambo hilo: paka sampuli ukutani, iache ipigwe na masika na kiangazi, ndipo uamue.

Majina yaandikwe kwa idhini ya familia, ambazo pia zihakiki tahajia, na yasiwe juu kuliko anavyofikia mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Bakiza nafasi tupu kwa watakaojitokeza baadaye, na umkabidhi mtunzaji namba ya rangi iliyotumika.