Kumpiga picha mama mjamzito kando ya Ziwa Tanganyika

Kigoma ina bahati ambayo wapiga picha wa Dar es Salaam hawanayo: jua huzama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, na huzama zaidi ya nusu saa baada ya kuzama huko pwani. Kwa hiyo mpangie mama miadi ya saa kumi na moja na nusu jioni, ili mwanga laini wa kuelekea saa moja uwakute mkiwa tayari. Wiki ya 28 hadi ya 36 hufaa zaidi, kwa kuwa tumbo limeshajitokeza na kutembea bado si taabu kubwa.

Msimamo ndio wenye kazi. Akiielekea kamera moja kwa moja, tumbo hupotea. Ageuke kiasi cha nyuzi 45, uzito auweke kwenye mguu wa nyuma, mkono mmoja uwe juu ya tumbo na mwingine chini yake. Kitenge kilichofungwa chini ya kifua huonyesha umbo vizuri kuliko gauni pana la kukodi, ambalo upepo wa ziwa hulijaza kama puto.

Jua likiwa nyuma yake, pima mwanga usoni, si angani, la sivyo ngozi nyeusi itageuka kivuli kitupu. Shuka jeupe likishikwa mbele yake hurudisha mwanga wa kutosha. Lenzi ya milimita 85 kwenye f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa limefunguliwa sana, hulainisha mandhari ya nyuma. Mkilazimika kupiga mchana, tafuteni kivuli cha miembe ya Ujiji. Mawe yenye utelezi yaacheni, hata yakipendeza, na kiti na maji visikosekane.