Jinsi ya kumwomba mtu apunguze kelele kwa lugha tofauti bila kuleta ugomvi

Ukijifunza lugha ya watu, "nyamaza" unaidaka mapema sana, na ndo hiyo hiyo inaleta ugomvi. Amri ya kunyamaza ni ya mzazi kwa mtoto au mwalimu kwa darasa, mtu mzima mwenzio ukimpa hiyo anaona umemdharau. Kwa hiyo jifunze kwanza jinsi ya kuomba sauti ishuke.

Kwa Kiswahili wote tunajua, "samahani kaka, naomba upunguze sauti kidogo, mtoto kalala". Ukitaja sababu mtu analainika haraka. "Funga mdomo" achana nayo kabisa.

Kiarabu, mlioko Gulf someni vizuri hapa. "Uskut" ni ya mwanaume, "uskuti" ya mwanamke, na zote ni kali. Sema "law samaht, watti sotak", akiwa mwanamke "law samahti, watti sotik". Hiyo law samaht (yaani tafadhali) usiiache hata ukiwa na haraka, ndo inabeba heshima yote.

Ujerumani ndo utaihitaji zaidi, maana kule kwa kawaida kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni muda wa utulivu, na Jumapili siku nzima, so jirani akifungulia mziki saa 6 usiku una haki kabisa ya kwenda kugonga, ila gonga taratibu, msalimie "Guten Abend" alafu ndo useme "Könnten Sie bitte etwas leiser sein?", matamshi ni kama kyonten zi bite etvas laiza zain. Hakikisha ni "Sie" sio "du" kama hamjazoeana. "Halt die Klappe" ni tusi, usiiguse.

Kifaransa sema "moins fort, s'il vous plaît". "Tais-toi" waachie wazazi na watoto wao, "ferme-la" ndo mbaya zaidi. Kijapani anza na "sumimasen" kisha "shizuka ni shite kudasai", ile "urusai" unayoisikia kwenye katuni ni ukali mtupu. Kiganda, nyamaza ni "sirika", kwa mtu mzima anza na ssebo (bwana) au nnyabo (bibi).

Kama lugha huna kabisa, tabasamu, shusha kiganja chini pole pole alafu muonyeshe simu unayoongea au mtoto aliyelala. Usimfanyie mtu mzima ile ishara ya kuweka kidole kwenye midomo yako.