Umepewa umeneja ghafla? Jua kwanza timu inaumwa nini ndo uchague dawa

Hii inawakuta wengi, jana ulikuwa fundi au mhasibu tu leo unaambiwa we ndo msimamizi wa watu nane, semina hakuna, unaingia gugo unakutana na misamiati mia na kila mtu anadai cha kwake ndo cha kisasa vingine vimepitwa na wakati. Kiukweli hizi nadharia za menejimenti hazikufutana kama vesheni za simu, kila moja ilikuja kutibu ugonjwa wake, na magonjwa yote yale bado yapo.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usibadilishe kitu, angalia tu na uandike kwenye daftari kazi inakwama wapi na kwa nani.

Ukiona kila mtu ana staili yake kwa kazi ileile na matokeo yanapishana sana, mtafute Frederick Taylor. Anasemwa vibaya huyu injinia Mmarekani, ila ona alichofanya kiwanda cha chuma cha Bethlehem, kulekule Marekani: vibarua walikuwa wanakuja na beleshi zao wenyewe, beleshi lilelile likichota makaa madogo mepesi linabeba pauni 3 na nusu, likichota mawe ya chuma linabeba 38. Akapima akakuta mtu anahamisha mzigo mkubwa zaidi kwa siku akiwa anachota kama pauni 21 kila mara, yaani kilo 9 na nusu hivi, basi yakaletwa mabeleshi ya saizi tofauti, dogo la mawe, kubwa la makaa. Hapo mtu hajaambiwa aongeze bidii, kimebadilika kifaa. Na wewe kabla hujamfokea mtu kagua beleshi lake, pengine ni kompyuta inayoganda au paswedi anayo mtu mmoja tu na yupo likizo.

Alipochemka Taylor ni kuamini kufikiri ni kazi ya meneja, mfanyakazi ni mikono tu. Ford naye mwaka 1913 akaweka laini ya kuunganisha magari, chasisi iliyokuwa inakula zaidi ya saa 12 ikaja kuisha kwa kama saa moja na nusu, ila watu wakachoka kufunga nati moja kutwa nzima wakawa wanaacha kazi hovyo, mpaka Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya walichokuwa wanapata. Timu yako ikiwa inakimbia, angalia kazi yenyewe na mshahara kabla hujasema vijana wa siku hizi wavivu.

Kama shida ni amri kutoka kwa mabosi watatu, hiyo fupi: Henri Fayol, Mfaransa wa migodini, aliandika mwaka 1916 kwamba mtu apokee maagizo kwa bosi mmoja. Kaa na hao wenzako mkubaliane nani anaamua nini, basi.

Watu wakiwa kimya, vikao vinaisha bila swali, nenda Hawthorne, kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, ambako watafiti waliwachunguza wafanyakazi. Wengi wanakumbuka habari ya taa tu, yaani jaribio la kubadilisha mwanga kuona kazi inapanda au inashuka (ambayo wataalamu bado wanaigombania), mimi naona utamu uko kwenye mahojiano, watafiti waliongea na wafanyakazi zaidi ya elfu 20, wakaanza na maswali ya kupanga, baadaye wakaona bora wamwache mtu aongee analotaka. Fanya hivyo, nusu saa kwa kila mmoja, bila laptop mezani, na ukimya ukiingia usiujaze.

Makosa yaleyale yakijirudia chukua "kwa nini" tano za Toyota. Mfano wa Taiichi Ohno mwenyewe, injinia wa hiyo Toyota: mashine imezima, kwa nini? Fyuzi imeungua, mzigo umezidi. Kwa nini? Beringi haina oili ya kutosha. Kwa nini? Pampu haivuti vizuri. Kwa nini? Shafti yake imelika. Kwa nini? Haina chujio, vyuma vidogo vimeingia. Ukiishia kwenye fyuzi utabadilisha fyuzi kila wiki.

Angalizo moja, usichukue jina ukaacha kilichomo. Niliwahi kuwa na bosi aliyesikia habari za ajaili (agile), ule utaratibu wa kutengeneza programu za kompyuta kidogo kidogo huku timu ikiongea na kujirekebisha, ambao watu 17 wa programu waliuandikia tamko mwaka 2001, akatuletea kikao cha kusimama kila asubuhi, dakika 15 ikawa 50, mmoja mmoja tunamsomea yeye ripoti huku tumesimama, miguu inauma, hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Bosi ndo anafikiri sisi mikono tu, Taylor yuleyule kavaa tisheti.

Mwezi ukiisha fungua lile daftari uangalie mistari ya wiki ya kwanza, uliopona ukate, ambao bado upo waulize wenyewe wanaofanya hiyo kazi kabla hujajaribu dawa nyingine.