Unataka udiwani Dar na bado ni kijana? Maneno ya mtendaji wa kata mstaafu

Sifa tuzimalize haraka. Uwe raia, uwe umetimiza miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe mwanachama wa chama kilichokuteua. Mgombea binafsi sheria yetu haimtambui, kwa hiyo usije ukaniambia utasimama kivyako. Digrii haimo. Nimefanya kazi na diwani wa darasa la saba aliyewabana wasomi kwa hoja, na nimefanya kazi na msomi aliyekuwa anasinzia kikaoni.

Mimi nilikuwa mtendaji wa kata hapa Dar es Salaam mpaka nikastaafu. Mtendaji ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile tunayoiita WDC, na diwani ndiye mwenyekiti wake. Nimekaa ubavuni mwa madiwani wa kila aina, nikiandika wanayosema na mara nyingine nikiwagusa mguu chini ya meza wasiyaseme. Baadhi yao walikuwa wadogo kuliko mwanangu wa kwanza. Mbele ya watu nilimwita kila mmoja Mheshimiwa. Tukibaki wawili, "mwanangu". Haya ninayoandika ni ya tukibaki wawili.

Kwanza kuna kura za maoni ndani ya chama, zinazopigwa na wajumbe wa chama. Ule msemo wa 2020 kwamba wajumbe si watu wazuri ulizaliwa na watia nia waliokuwa wamehesabu kura za tabasamu. Mjumbe anakula nauli yako, anakuombea dua, halafu anampigia mtoto wa jirani yake. Dawa yake ni kuonekana kwenye tawi miaka kabla ya uchaguzi, si miezi.

Ukipitishwa, unakuja kwenye fomu ya uteuzi, na hapa kaa chini utulie. Kwenye uchaguzi wa 2020 dhamana ya udiwani ilikuwa shilingi 5,000 na wadhamini wasiopungua 10, wote wapiga kura waliojiandikisha ndani ya kata hiyo. Ni masharti mepesi, ndiyo maana watu wanayachukulia kimzaha. Kadi ya mpiga kura ikisema Mohamed na fomu ikasema Muhamedi, umempa mpinzani wako pingamizi la bure. Mdhamini aliyehamia Mbagala lakini moyo wake bado uko kwenu hakusaidii. Mwaka 2019 kwenye serikali za mitaa, na 2020 kwenye uchaguzi mkuu, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa madai ya kasoro za fomu. Kama zilikuwa kasoro kweli au la, watu walibishana sana na mimi siingii. Nakwambia tu ujaze fomu yako mchana, na mtu mwingine aisome kwa sauti kabla hujairudisha.

Sasa kampeni. Hapa ndipo vijana wanapojichimbia shimo, kwa sababu wanaahidi vitu visivyokuwa mikononi mwa halmashauri. Barabara za mitaani ziko TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017. Barabara kuu ni za TANROADS. Maji ni DAWASA, nguzo za umeme ni TANESCO. Mfuko wa jimbo ni wa mbunge. Diwani hana mfuko wowote wa kwake. Hata mgogoro wa kiwanja: tangu sheria ibadilishwe 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Kilicho chenu kwenye halmashauri ni shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati na vituo vya afya, taka, masoko, ushuru, na sheria ndogo. Hizi za mwisho vijana wanazidharau, na ndizo zinazokufanya uwe mtunga sheria. Mama lishe wa kituoni anatozwa kiasi gani, anayetupa taka mtaroni anapigwa faini gani, vinajadiliwa na baraza lenu kabla ya kwenda kwa waziri kuidhinishwa.

Kwa hiyo jukwaani sema "nitasimamia" na "nitafuatilia", usiseme "nitajenga". Na ukiulizwa kuhusu kalavati lililobomoka, usijibu kuwa ni la TARURA ukaishia hapo. Huko ni kuwafukuza watu. Lipeleke WDC liwe azimio, liandikwe, liwe na tarehe, nakala iende kwa mkurugenzi na kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Mvua zikija na watu wakikuzonga, unatoa karatasi.

Jambo ambalo ningetamani kila kijana alijue kabla hajashona suti ni hili: uchaguzi mkuu wetu ni Oktoba, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Wewe unaapa, mnachagua meya, bado unapokea keki za pongezi, na wataalamu kule halmashauri wameshaanza kuandaa bajeti ya mwaka unaofuata. Ukilala miezi hiyo, mwaka wako wa kwanza umeliwa. Na bajeti haipiganiwi kwenye baraza mbele ya waandishi wa habari. Inapiganiwa kwenye kamati za kudumu, kwenye kabrasha.

Kabrasha ni lile rundo la karatasi unaloletewa kabla ya kikao. Madiwani wengi wanasoma kurasa za mbele, zenye maneno. Nilikuwa na kijana mmoja, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza vifaa vya simu Kariakoo, ambaye alianzia nyuma, kwenye viambatisho. Alikuwa na kalamu ya risasi na rula. Anaweka rula chini ya mstari, anasoma jina la kata, jina la shule, kiasi, chanzo cha fedha, anashuka mstari mwingine. Siku moja kwenye kamati alinyoosha mkono akasema kwa upole, "Mwenyekiti, matundu ya vyoo ya shule yetu tuliyopitisha robo iliyopita siyaoni kwenye jedwali hili. Naomba nielekezwe ukurasa." Wataalamu wakaanza kufunua karatasi. Ukurasa haukuwapo. Hakupayuka, hakumtuhumu mtu; aliomba tu aelekezwe ukurasa, na kikao kilichofuata matundu yalikuwa yamerudi. Mwenzake wa kata nyingine alikuwa anapiga meza na kurushwa mitandaoni kila wiki. Shule yake, nilivyosikia, bado ina foleni chooni.

Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 na ikarudi mwaka uliofuata. Marafiki zako wa kijiweni watadhani ni yako. Waambie mapema kwamba mkopo unakwenda kwa kikundi kilichosajiliwa na unarudishwa, kisha wapeleke kwa afisa maendeleo ya jamii. Usimshike mtu mkono ukampeleka mwenyewe, maana asiporudisha, jina lako ndilo litakalosomwa.

Sasa mfuko wako. Dar diwani ni ndugu wa kila marehemu. Kadi za harusi, ada ya mtoto wa balozi wa nyumba kumi, jezi za timu, jenereta la mkesha: vyote vinakuja kwako, na posho ya udiwani haiwezi. Usikope. Panga mkono wa pole mmoja, mdogo, ulio sawa kwa tajiri na fukara, kisha uwepo. Yule wa rula alikuwa anafika msibani kabla ya jamvi kutandikwa, anashika kona ya turubai, anafunga kamba, anauliza maji ya kupikia yametoka wapi. Elfu kumi yake hakuna aliyeihesabu.

Wengi wenu mnauona udiwani kama ngazi ya kwendea bungeni. Sikatai, bungeni vijana wameshaingia. Zitto Kabwe aliingia bungeni 2005 akiwa na miaka 29. Halima Mdee aliingia mwaka huohuo kwa viti maalum, ndipo 2010 akalichukua jimbo la Kawe. Mabinti, hiyo njia ya viti maalum ipo na kwenye halmashauri pia, msiionee haya. Ila mkishaingia, ombeni kamati yenye kazi. Msikubali kufanywa wapambaji wa kikao.

Ukishaapa, njoo ofisini kwa mtendaji kabla ya sherehe. Omba mihtasari ya WDC ya miaka miwili nyuma na orodha ya maboma, yale majengo yaliyokwama kabla ya kumalizika. Omba namba za wenyeviti wote wa mitaa, hata waliokupinga. Wao huchaguliwa mwaka mmoja kabla yenu, kwa hiyo utawakuta ofisini wakiwa wameshazoea, na ndio wajumbe wako wa WDC. Wapigie wewe kwanza, mmoja mmoja, usisubiri kikao.