SOMO: Kuchagua kitabu cha mwongozo kabla hujaingia hifadhini

Ndugu zangu, likizo zikikaribia swali ni lile lile: nibebe kitabu gani nikienda Mikumi, Serengeti au Ruaha? Wengi hununua chenye simba kwenye jalada, wakifika porini kinabaki ndani ya begi kwa sababu hakijibu wanachokiona dirishani. Inaniuma, maana kiingilio kimelipwa, mafuta yamechomwa, na mtu anarudi na picha za simu ambazo hajui hata majina ya wanyama waliomo. Tufuate hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua unataka kitabu kikujibu nini

Kuna vitabu vya aina mbili na watu huvichanganya. Kimoja ni cha safari: barabara, malango, malazi, gharama. Kingine ni cha utambuzi: huyu ni mnyama gani, yule ndege gani, dume au jike. Cha safari huchakaa kila nauli na kanuni zinapobadilika. Cha utambuzi utakitumia miaka na miaka, na mwanao atakirithi. Kama fedha inatosha kimoja tu, nunua cha utambuzi. Habari za gharama na malango zichukue kwa wenyewe: TANAPA kwa hifadhi za taifa za Tanzania, NCAA kwa Ngorongoro, KWS kwa hifadhi za taifa za Kenya.

Hatua ya 2: Kitabu kifuate hifadhi unayokwenda

Kitabu cha simba na tembo hakitakufaa Kitulo, ambako watu hupanda kwenda kuona maua, hasa okidi, wakati wa mvua. Udzungwa nako ni kwa miguu. Utaukuta mteremko wa maporomoko ya Sanje, mbega wekundu na tumbili wasiopatikana kwingine duniani, kwa hiyo unahitaji kitabu chenye nyani na tumbili wa misitu ya milima. Gombe na Mahale ni sokwe. Kilimanjaro ni njia na kimo: kitabu kieleze tofauti ya Marangu, Machame, Lemosho na Rongai, na dalili za ugonjwa wa mwinuko kwa mlima wa mita 5,895.

Ruaha ni jambo jingine kabisa. Wanyama wa kusini na wa mashariki mwa Afrika hukutana pale, ndiyo maana unaweza kuona tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Serengeti peke yake kitakuacha njiani.

Na ukienda Serengeti, kitabu kiwe na kalenda ya nyumbu, si sentensi moja tu ya kusifia msafara wao. Januari hadi Machi wako nyanda za kusini upande wa Ndutu, na kuzaa hushika kasi Februari. Mei na Juni huelekea magharibi, Grumeti. Julai hadi Oktoba ni kaskazini, kwenye Mto Mara. Mwishoni mwa mwaka hurudi kusini. Mvua husogeza tarehe, lakini mwandishi asiyekupa hata mpangilio huo hakusaidii kuchagua mwezi wa kwenda.

Hatua ya 3: Kipime kwa swala

Hapa ndipo ninapoomba utulie, maana kipimo hiki kimoja hukuonyesha mwandishi alichungulia au aliangalia. Ukiwa dukani fungua ukurasa wa swala tomi na swala granti. Kitabu kizuri kitakuambia kwamba weupe wa matako ya granti hupanda juu ya mkia, na wa tomi huishia chini yake. Kikikuambia tu kwamba tomi ana mstari mweusi ubavuni, kirudishe rafuni: granti wengine, hasa majike na wadogo, nao wana mstari.

Nenda kwa swala pala. Je, jike amechorwa? Jike wa pala hana pembe, na jike wa tomi ana vipembe vyembamba. Kitabu kinachoonyesha madume pekee kitakukwamisha, kwa sababu kundi kubwa utakalolikuta barabarani ni la majike. Kisha tazama kuro: wa Tarangire ana duara jeupe kuzunguka mkia, wa Serengeti ana baka zima jeupe. Mwandishi aliyeweka tofauti hiyo ni wa kuaminika.

Kwa ndege, fungua kwenye kwera. Dume wa msimu wa kuzaa ni rahisi, kila kitabu kinaye. Kinachotenganisha vitabu ni jike, mtoto, na dume aliyevua manyoya ya njano. Michoro, picha na ramani viwe kurasa zinazotazamana na maelezo, kwa sababu ndege hatakusubiri ukifunua kutoka ukurasa wa 40 hadi wa 312. Ramani ionyeshe pia wahamiaji wanaotufikia kati ya Oktoba na Aprili.

Michoro naipenda kuliko picha za kamera. Picha ni ya mnyama mmoja katika mwanga wa siku moja; mchoraji hukuwekea alama zote anazopaswa kuwa nazo.

Kuhusu eneo: kitabu cha ndege cha Stevenson na Fanshawe kinahusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na toleo lake la pili ni la 2020. Hicho ndicho ninachokitumia. Cha wanyama cha Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, ni cha Afrika nzima na michoro ni ya mkono wake mwenyewe. Ni kizuri sana, ila utapita kurasa nyingi za wanyama wasiofika kwetu. Epuka vile vya kusini mwa Afrika pekee, hata kama bei inakuvuta.

Hatua ya 4: Angalia umri

Kwa kitabu cha safari usitazame jalada, tazama mwaka wa toleo. Kikisema Tanzania ina hifadhi za taifa 16, ni cha kabla ya 2019, mwaka ambao Burigi-Chato na nyingine zilipandishwa hadhi. Kama hakiitaji Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kinazungumzia Pori la Akiba la Selous tu, ni vivyo hivyo. Kikikushauri ufunge nguo kwenye mifuko ya plastiki, kiache: Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo Juni 2019, na Kenya ilianza 2017. Kwa Mikumi, kitabu cha leo kitaje treni ya SGR hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria 2024.

Hatua ya 5: Kiliandikiwa nani?

Vitabu vingi vya safari vimeandikiwa mtu anayeshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) akiwa na dola. Viza, chanjo na hoteli za kifahari vinakula kurasa nyingi, na viingilio vinavyochapwa ni vya wageni. Msomaji wetu akiona tarakimu zile anakata tamaa na kufunga kitabu. Raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake, cha chini sana, kwa shilingi. Nenda na kitambulisho. Tafuta pia kitabu kinachotaja mabanda na hosteli za TANAPA, kwa sababu huko ndiko familia ya kawaida hulala.

Jambo moja ambalo kitabu lazima kiliseme wazi: ukitoka Arusha kwenda Serengeti kwa lango la Naabi unapita Ngorongoro, na Ngorongoro ni mamlaka nyingine yenye malipo yake. Familia nyingi zimeharibikiwa bajeti hapo.

Hatua ya 6: Kibebeke

Jalada laini, kisizidi mkoba wa bega. Kitie kwenye mfuko wa kitambaa kwa ajili ya vumbi. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Neema, Morogoro: Nina watoto wawili wa shule ya msingi, Kiingereza chao bado. Vitabu vyote ninavyoviona ni vya Kiingereza. Nifanyeje?

Jibu: Dada, nunua chenye michoro mikubwa, na kabla ya safari kaeni pamoja muandike majina ya Kiswahili pembeni ya kila picha kwa penseli: nyamera, kongoni, pofu, ngiri, pimbi, mbuzi mawe. Chagueni wanyama 20 wa Mikumi, si zaidi. Kila mtoto awe na orodha yake ya kuweka alama. Majina msiyoyajua mwachieni dereva au askari wa hifadhi awafundishe, watafurahi kuulizwa.

Mwalimu wa Iringa: Nimepata kitabu cha ndege cha zamani kwa muuza mitumba, michoro mizuri, bei ndogo. Nikichukue kwa klabu ya wanafunzi?

Jibu: Shikamoo mwalimu. Kichukue. Ndege hawajabadilika, ila baadhi ya majina ya kisayansi yamebadilishwa, kwa hiyo wanafunzi wakiandika ripoti walinganishe na toleo jipya. Kwa wanyama ni vivyo hivyo: mbweha wa dhahabu wa Serengeti katika vitabu vya zamani ni Canis aureus, baada ya uchunguzi wa vinasaba wa 2015 huitwa Canis lupaster, aliye karibu zaidi kinasaba na mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) kuliko na mbweha wa dhahabu wa Ulaya na Asia. Hilo lenyewe ni somo zuri la darasani.

Juma, Mbeya: Simu si inatosha siku hizi?

Jibu: Inasaidia, kaka. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni ya bure na hufanya kazi bila mtandao, mradi upakue pakiti ya ndege wa eneo lako ukiwa bado mjini. Lakini betri huisha, na watu watano hawawezi kutazama kioo kimoja cha simu. Nenda na vyote viwili.

Bi Salma, Brussels: Sisi huku tunawapeleka watoto Disneyland Paris. Je, hatua hizi zinafaa na huko?

Jibu: Zinafaa, dada, hasa ya nne. Kitabu kikikueleza namna ya kuruka foleni kwa tiketi za FASTPASS, usikinunue, kwa sababu mfumo huo umeondoka na tangu 2021 kuna Premier Access ya kulipia. Kipimo cha swala kwako kiwe vimo: kitabu kiseme wazi kwamba mchezo wa Big Thunder Mountain unataka mtoto mwenye sentimita 102, na Hyperspace Mountain 120. Wapime watoto nyumbani kwanza, halafu soma kurasa za michezo wanayoruhusiwa tu. Kwa viingilio na saa za kufungua tumia tovuti yao wenyewe, na utazame tena usiku wa kuamkia safari.